Konokono na Goti la Papa Banze

Nimestaafu kazi ya phonie. Vijana wa ofisi walinifanyia karamu ndogo, wakanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu bado ana haja ya kuangalia saa. Kisha wakaniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu, wapate kujua mambo yalikuwaje kabla ya simu za mkononi. Habari za vyeo sitaziandika. Nilipanda cheo mara moja tu, kutoka benchi la nje hadi kiti cha ndani, na mshahara tuuache ulale ulikolala. Nitaandika yale yaliyonishangaza. Wenzangu walizoea mapema, mimi mpaka leo sijazoea.

Kwa asiyeijua, phonie ni redio ya masafa marefu, ya kusema na kusikia. Ofisi yetu ilikuwa ya huduma ya afya ya makanisa, hapa Kamina, si mbali na reli. Wametodisti na Wakatoliki walichangia chumba kimoja, waya mmoja uliotandazwa kati ya nguzo mbili, na ubishi usiokwisha. Kupitia waya ule zahanati za Malemba-Nkulu, za Bukama na za vijiji vya ziwa Kisale ziliomba dawa, ziliita ndege ndogo ya misheni, zilitangaza nani amejifungua na nani amezikwa. Nje kulikuwa na benchi la watu waliosubiri habari za ndugu zao. Mji mzima ulijua mambo ya kila mtu, maana phonie haina siri.

Siku yangu ya kwanza nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi niliyechoka kufundisha bila chaki. Aliyenipokea ni Papa Banze, mkuu wa phonie, mwimbishaji kwaya wa Kimetodisti, mtu mnene mwenye sauti ya besi na goti bovu la kulia. Goti lile mlikumbuke. Alinivalisha vifaa vya masikioni, akanikalisha.

"Weye Monga, usiguse kintu," alisema. "Leo kazi yako iko paka kusikia, kusikia tu. Kinywa itafwata nyuma."

Nikasikia mvua ikipiga mabati, na nje jua lilikuwa kali. Ndani ya mvua ile ya mawimbi ikatoka sauti ya mtu: "Kamina, Kamina, wakomapo?" Hiyo ni salamu yetu ya Kiluba. Aliyesalimia ni Kalenga, mtu wa phonie wa Malemba-Nkulu, huko kando ya Lualaba, mwendo wa siku nyingi kwa baiskeli. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini niliinama nikachungulia chini ya meza. Papa Banze hakunicheka. Aliniambia kwamba yeye siku yake ya kwanza alitoka nje kuangalia juu ya paa.

Somo lake la kwanza halikuwa la vifungo wala mawimbi. Lilikuwa la salamu. Kwetu hakuna shauri linaloanza bila salamu, na Papa Banze aliichukua desturi hiyo akaiingiza hewani nzima nzima. Unauliza nyumba, watoto, mvua, shamba, na yule aliyekuwa mgonjwa juzi. Mwenzako anajibu yote, kisha naye anauliza yote. Ndipo linakuja shauri. Na kama kuna jambo zito, linawekwa mwisho kabisa, moyo wa msikilizaji ukiwa umeshapata kiti cha kukalia. Ninyi vijana mnaoniandikia "Papa, tuma ile faili" bila hata kuuliza kama nimeamka, jueni kwamba Papa Banze asingewajibu.

Miaka ikapita, kompyuta ikaja. Ilikuja na ndege ndogo, imeviringishwa katika blanketi za hospitali, na pamoja nayo kisanduku cheusi chenye vitaa. Kisanduku kilikaa katikati ya phonie na kompyuta. Ukiandika barua, kinaigeuza kuwa milio. Milio inaruka hewani. Kisanduku cha upande wa pili kinaigeuza tena kuwa maandishi. Mlio wenyewe ulikuwa wa vyura wa kinamasi wakigombana. Barua ya kwanza niliyoipokea ilitoka kwa Kalenga, maneno mawili tu: "Unaona?" Nikakipigia kioo kelele, "Naona!" Papa Banze alicheka mpaka akashika goti.

Kompyuta ile ilikuwa na Windows. Sitaki kuisingizia. Yetu ilikuwa nakala ya nakala, iliyopita mikononi mwa wengi kabla ya kutufikia, na mashine yenyewe ilikuwa imeshazeekea ilikotoka. Nami niliipenda; mara ya kwanza nilipoona ule mshale mdogo ukifuata mkono wangu juu ya meza, niliusogeza asubuhi nzima bila kufanya kazi yoyote. Lakini kila mtu mjini aliyekuwa na disketi aliileta kwetu achapishiwe tangazo la ndoa au mitihani ya shule, na kila disketi ilikuja na virusi vyake. Huduma ya afya nzima, tunachanja watoto wa wilaya zote, na kompyuta yetu wenyewe hatukuwa na sindano ya kuichoma. Ilianza kuganda. Barua imefika nusu, kioo kinakuwa buluu, tunaanza upya, na huku batri ya gari iliyotulisha umeme wa jua inaisha. Dawa ya Papa Banze ilikuwa kuzima, kusali kifupi, na kuwasha tena. Mafundi wakubwa bado wanafanya hivyo hivyo, ila sala wameiacha.

Aliyetuokoa alikuja kwa baiskeli. Aliitwa Ma sœur Odile, mtawa wa parokia ya Kikatoliki, mzaliwa wa Katoto karibu na Bukama, aliyesomea umeme kabla ya kuweka nadhiri. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga bati la biskuti, na ndani ya bati kulikuwa na diski. Watawa wenzake wa Ulaya walikuwa wakimtumia magazeti ya kompyuta yaliyokwisha kusomwa, na kila gazeti lilibeba diski tumboni.

"Papa Banze, hii Windows yenu iko mugonjwa ya kufa," alisema. "Tutaiondosha. Tutatia Linux."

"Linux njo nini? Dawa, sawa kinini?"

"Njo kichwa ingine ya masini. Bantu ya dunia muzima banaiandika pamoja, na banaigawa bure. Kila muntu anaweza kuifungua, aone namna ilitengenezwa."

Papa Banze alivua miwani. "Bure? Na nani anabalipa?"

"Bengi hakuna mwenye kubalipa."

"Basi beko ba masœur."

"Bengine hata Mungu habamuyue," Ma sœur Odile alijibu. "Lakini banagawa."

Neno hilo liliniingia. Kwetu watu hujengeana nyumba, ni kweli, lakini unamjua unayemjengea, na kesho utamwita aje kwako. Hawa walikuwa wamekaa kwenye nchi zao, kila mmoja akichonga kipande chake, na hawakuwa na habari kwamba kuna mji unaoitwa Kamina, wala kwamba mama fulani wa kijiji cha Sanga atajifungua salama kwa sababu barua ya kuomba damu ilifika. Walitujengea bila kutujua. Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na machache yamenigusa kama lile bati la biskuti.

Kumbe Linux si moja. Moyo ni mmoja, lakini kila kundi la watu linauvalisha nguo zake, na nguo hizo Ma sœur Odile aliziita distribution. Sisi tukazipa majina yetu, mengi kufuata picha zilizochorwa juu ya diski.

Ya kwanza haikuwa na picha. Ilibidi kuingizwa kwa disketi, rundo zima, moja baada ya nyingine. Tuliiita Treni. Watu wa Kamina tunaijua treni: behewa moja likitoka relini, wote mnalala porini. Disketi ya karibu na mwisho ilikuwa mbovu, tukarudi kichwani. Ilipokubali hatimaye, kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe yakaanza kukimbia kwenda juu.

"Inafanya nini?" niliuliza kwa hofu.

"Inasema kile inaona," alisema Ma sœur Odile. "Kumbukumbu yake, diski yake, kibodi. Angalia, pale inasema kisanduku yenu."

Nilisimama. Miaka yote Windows yetu ilikuwa inaniambia "subiri" tu, na mimi nasubiri. Hii ilikuwa inaamka na kujihesabu viungo, mbele ya watu, bila haya. Niliomba izimwe na iwashwe tena ili nione mara ya pili. Lakini Treni haikutaka kabisa kusikia habari za mashine ya kuchapisha, na aliyejua kuibembeleza ni Ma sœur Odile peke yake. Hatukuweza kumfungia ofisini, ana Mungu wake wa kumtumikia.

Ya pili tuliiita Kofia. Iliingia kwa urahisi, ikatupa madirisha mazuri yenye rangi, tukapiga makofi. Kisha tukafungua dirisha moja. Kompyuta yetu ya kizee ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na mke wangu angeweza kusonga bukari, ugali wetu, na kuupakua kabla dirisha halijafunguka. Kofia ilikuwa nzuri kwa kichwa kikubwa kuliko chetu.

Ya tatu ilichorwa kinyonga, na hapo kulizuka vita vidogo kabla ya vile vikubwa. Kwetu kinyonga akikukatia njia, unarudi nyumbani.

"Hii nyama haiingie ofisi yangu," alisema Papa Banze.

"Papa, iko picha."

"Nyama ya picha njo mubaya zaidi. Haikimbie."

Ma sœur Odile alichukua plasta ya hospitali akaifunika picha ile, akaendelea. Kinyonga ilichapisha vizuri, ilivumilia kumbukumbu ndogo, ila ilishikilia kwamba hakuna kisanduku chochote cheusi mezani. Tulikichomoa, tukakichomeka, tukakipangusa. Haikukiona. Papa Banze aliimba wimbo wa shukrani kwa sauti ya chini.

Ya nne ilikuwa na mchoro mwekundu uliojizungusha, tukaiita Konokono. Jina lilifaa. Iliuliza maswali siku nzima. Mkwe anayekuja kuposa haulizwi maswali mengi vile. Una kibodi gani? Uko upande gani wa dunia? Unataka hiki? Una hakika? Ma sœur Odile alijibu yote akiwa amekunja uso. Lakini ilipokwisha kuuliza, ilikiona kisanduku mara moja, kwa maana lugha ya redio ile ilikuwa imo ndani ya moyo wa Linux tangu zamani, imewekwa na wapenzi wa phonie wa nchi za mbali. Haikula kumbukumbu. Tuliiwasha kila asubuhi, tuliizima kila jioni, na katikati haikuganda. Mawimbi yakikatika barua ikiwa nusu, ilishika ile nusu na kusubiri, kisha ikaomba kipande kilichobaki tu. Tulimtumia Kalenga diski kwa ndege, naye akaiingiza kwake, akilalamika juu ya maswali.

Likabaki tatizo moja, nalo lilikuwa letu. Barua ilikwenda polepole sana, na kila herufi ilikula batri. Siku moja Ma sœur Odile alisoma nilichokuwa nikiandika, akaruka.

"Papa Monga! Nusu ya barua iko salamu! Muandike paka 'tunaomba kinini, kartoni mbili,' basi!"

Mimi nilimwangalia Papa Banze. Yeye akasema taratibu, "Ma sœur, mu Misa, padri anaanzaka na sadaka, ao anaanzaka na salamu?"

Alitoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na waya mpya wa batri, na sisi tuliendelea kusalimia. Kalenga naye alikuwa mbishi vile vile. Mbuzi wake, mvua ya Malemba, baiskeli ya Ma sœur, na kila siku, bila kukosa, goti la Papa Banze.

Kisha vita. Vile vya kwanza vilikuwa vimeshapita, nchi ilikuwa imebadilisha jina, tulidhani basi. Vya pili ndivyo vilivyokaa. Wanajeshi walijaa kambini na mjini. Ikatoka amri: marufuku kusema Kiluba kwenye phonie. Tukasema Kiswahili. Ikatoka amri nyingine: marufuku kusema kabisa. Tukanyamaza, na barua zikaendelea, maana hakuna aliyefikiri kwamba vyura wale walikuwa wanasema kitu.

Mke wangu, Ngoie, ni muuguzi. Alikuwa amekwenda Malemba-Nkulu kusaidia kazi ya chanjo, akamchukua binti yetu Feli, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuandika. Alipenda kukaa mapajani mwangu ofisini akibonyeza herufi za jina lake. Baada ya wao kwenda, barabara ikafungwa na watu wenye bunduki. Kila asubuhi Kalenga alileta salamu zao. Halafu asubuhi moja hapakuwa na kitu. Asubuhi iliyofuata, mvua ya mabati tu. Wakimbizi wakaanza kufika na baiskeli, magodoro kichwani, wakisema Malemba imeungua upande wa mtoni. Nilimuuliza kila mmoja. Hakuna aliyemwona muuguzi mwenye mtoto.

Niliogopa. Nilikula kwa sababu Papa Banze alinitazama mpaka nile. Rubani wa ndege ndogo alikuwa tayari kwenda, lakini hakuweza kuruka bila neno kutoka huko kwamba uwanja uko salama, na neno hilo lingepita mahali pamoja tu: kisanduku chetu na Konokono.

Ndizo siku hizo kamanda wa kambi alipokuja. Alikuwa kijana, mwenye Kiswahili cha mashariki, na askari nyuma yake.

"Hapa ndipo mnapotuma siri?" aliuliza. "Redio yangu kambini inasikia makelele yenu kila asubuhi. Ng'oeni vyote."

Nilishika kona ya meza kwa mikono miwili. Sijui kwa nini, meza haikuwa inakwenda popote.

"Afande," alisema Papa Banze, "hii masini njo inaita ndege ya bagonjwa. Bantu ya Malemba beko banangojea."

"Adui pia wanangojea. Ng'oeni."

Ma sœur Odile akasogeza kiti. "Kaa, afande," alisema, kwa sauti ile ile aliyonitolea mimi juu ya salamu. "Kaa usome. Hii masini haifichake kintu. Barua yote iko hapa, ile tulituma na ile tulipata. Na hapa, masini yenyewe inaandika kila kazi ilifanya. Hakuna mulango ya kufunga."

Ilikuwa kweli. Programu tuliyotumia zamani ilizifungia barua ndani ya faili lake lisilosomeka. Konokono iliziacha wazi, maandishi matupu, asomaye asome. Kamanda alisita, akakaa. Akafungua barua moja, akaisoma kwa sauti.

"'Salamu Malemba. Mumeamuka muzuri? Mvua ilinyesha? Mbuzi ya Kalenga ilishaka kuzaa? Hapa goti ya Papa Banze iko inamusumbua.'" Akafungua ya pili. "'Salamu Kamina. Mbuzi ilizaa. Goti ya Papa Banze iko namna gani?'" Akafungua ya tatu, ya nne. Uso ukakaza. "Goti," alisema. "Kila barua, goti. Goti ni nini? Ni daraja? Ni kambi?"

Papa Banze alisimama kwa shida, akavuta suruali juu, akainua mguu kwa mikono yake, akaliweka goti mezani kando ya kibodi. Lilikuwa limevimba, linang'aa, kubwa mithili ya papai.

"Afande, njo hii," alisema.

Askari mmoja alikohoa ili asicheke. Mwingine hakuweza. Kamanda aliliangalia goti, akaangalia kioo, akaliangalia goti tena. Aliendelea kusoma muda mrefu, barua baada ya barua, na sikuweza kujua kilichomo usoni mwake.

"Ninyi mna wazimu," alisema mwishowe. "Vita vimewazunguka, mnaulizana mbuzi." Kisha, kwa sauti nyingine, "Bibi yangu angewapenda." Akavua kofia, akaiweka mezani. "Sijaamua. Nitakaa nione kwa macho yangu inavyopokea."

Tukakaa. Mvua ya mabati. Jua lilikuwa limejificha siku mbili tatu nyuma ya mawingu, batri ilikuwa na njaa. Nilikuwa nimeanza kuomba kimoyomoyo wakati vitaa vya kisanduku vilipowaka vyote pamoja, na vyura wakaanza.

Ilikuwa Malemba. Maandishi yakatoka polepole, kipande kwa kipande.

"Salamu Kamina. Mumeamuka muzuri? Sisi tuliamuka."

"Sisi," nilisema. "Sisi nani?"

"Salamu kwa Papa Banze. Salamu kwa Ma sœur Odile, baiskeli yake ilitengenezwa? Salamu kwa rubani. Salamu kwa mama mwenye kuuzisha karanga ku mulango. Mvua ya huko iko namna gani? Hapa ilinyesha, muto ilijaa."

Ma sœur Odile alikuwa ameshika rozari na mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu. "Apite," alinong'ona. "Mungu wangu, apite ku habari."

"Acha asalimie," alisema Papa Banze, lakini sauti yake ya besi ilikuwa imekwisha.

Salamu ziliendelea. Kwa wote, ila si kwangu. Na mimi niliijua sababu, maana nilifundishwa siku yangu ya kwanza kazini: jambo zito linawekwa mwisho. Kadiri Kalenga alivyosalimia, ndivyo nilivyozidi kufa. Nilitaka mstari ufuatao utoke, na nilitaka usitoke kamwe.

"Mbuzi ziko muzima. Sasa, Papa Monga, habari kubwa njo hii."

Taa ya batri ikawa nyekundu. Kioo kikafifia.

"Batri inakufa," alisema Ma sœur Odile.

Nilimgeukia kamanda kumwomba. Sikuhitaji. Alikuwa amesimama, amekodoa macho kwenye kioo, na mdomo wake ulikuwa wazi kama wangu. "Batri ya gari!" aliwafokea askari wake. "Leteni batri ya gari langu! Kimbieni!"

Walikimbia. Walirudi nayo imening'inia katikati yao. Ma sœur Odile alipiga magoti sakafuni, akaunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, cheche zikaruka kwenye joho lake, na kioo kikarudi kung'aa. Kompyuta haikuzimika. Mawimbi yalikuwa yamekatika wakati tunahangaika, lakini Konokono ilikuwa imeshika kila salamu, kila mbuzi, na sasa iliomba kwa utulivu kipande kilichobaki. Watu wasionijua, popote mlipo, mlioandika mstari ule wa kusema "usitupe, subiri": mimi ni Monga wa Kamina. Nawashukuru.

"Bantu ya bunduki balipita, baliisha kuenda. Uwanja ya ndege iko muzima. Tunaomba ndege ikuye na bandeji na kinini, ibebe bagonjwa. Mama Feli alifunga bidonda usiku na muchana. Sasa eko analala hapa chini ya meza yangu, hatutamwamusha."

Papa Banze alimshukuru Mungu kwa Kiluba, "Eyo, Vidye," akakaa chini. Lakini mimi niliendelea kukiangalia kioo, maana jina lilikuwa moja tu. Mama Feli. Feli mwenyewe hakutajwa.

Vyura wakanyamaza. Wakaanza tena, ila sasa kwa kusita. Herufi moja. Kimya. Herufi nyingine. Kalenga hakuandika hivyo, alikuwa mwepesi wa vidole. Upande ule mtu alikuwa anatafuta kila herufi kwenye kibodi kabla ya kuibonyeza.

"papa goti ya papa banze iko namna gani"

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Wananiambia nilipiga. Papa Banze alilia wazi, mikono juu ya lile goti. Ma sœur Odile alikuwa bado sakafuni kati ya batri mbili, na nilisikia akisema, akilia na kucheka pamoja, kwamba hatasema tena neno juu ya salamu, hata siku moja.

Kamanda alichukua kofia yake mezani, akaivaa, akaivua tena. Alitutazama wote tulivyokaa bila kazi.

"Mbona mmenyamaza?" alifoka. "Mtoto ameuliza. Mjibuni!"

Nikapangusa uso, nikavuta kiti, nikaweka vidole kwenye kibodi. Nikaanza, kama nilivyofundishwa, na salamu.